Hawataki Akaunti Yako, Wanataka Jina Lako

Wacha nianze na aibu yangu ndiyo tusipotezeane muda.

Mwaka jana, Jumanne moja, saa sita kasoro dakika ishirini usiku, nilikuwa kitandani nimechoka, simu iko asilimia tisa. Barua pepe ikaingia. Nembo ilikuwa sawa, rangi zilikuwa sawa. Ilisema kuna mtu amelalamika kwamba video yangu moja imetumia muziki bila ruhusa, na ukurasa wangu utafutwa baada ya saa 24 nisipojitetea. Chini kulikuwa na kitufe cha kujaza fomu ya rufaa. Nikabonyeza. Nikaandika jina, nikaandika nywila. Ukurasa ukaniomba ile namba ya tarakimu sita inayotumwa kwa simu, nikaandika hiyo pia. Nikaambiwa asante, rufaa yako imepokelewa. Nikalala na amani zangu zote.

Asubuhi sikuwa na ukurasa. Watu 38,000 niliokuwa nimewakusanya kwa miaka mitatu walikuwa wanaona picha yangu ikiwaambia watume shilingi 5,000 wapate 50,000 kabla ya jioni.

Sitataja ni mtandao gani. Haina haja, kesho hao watu watatumia nembo nyingine.

Kilichoniuma sana ni maneno. "Kwani hukuona ni feki?" "Si wewe ndiye uliacha kampasi ukasema mtandao ndio kazi yako?" Hapo hata sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli niliacha, na ni kweli nilisema. Kwa hivyo nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama mimi ni fala peke yangu ama hii kitu iko na historia. Iko. Tena ni ndefu kuliko intaneti yenyewe, na ukiifuata kutoka mwanzo unaona kitu ambacho hizo orodha za "njia kumi za kutambua barua feki" hazikuambii.

Kabla ya Kamiti kulikuwa na Ufaransa

Kila Mkenya anaijua ile meseji: ile pesa tuma kwa hii namba. Na kila Mkenya ako na jibu moja: hao ni wasee wa Kamiti. Iwe ni kweli zinatoka jela au la, tunajua picha yenyewe. Mtu amefungiwa, ako na wakati mwingi, anatuma ujumbe kwa watu wengi na kungoja mmoja ajibu.

Sasa sikia hii. Miaka ya 1830, Mfaransa mmoja anaitwa Eugène-François Vidocq alichapisha kitabu kuhusu wezi wa nchi yake. Alikuwa anawajua vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mhalifu na mfungwa kabla ya kugeuka kuwa mkuu wa wapelelezi jijini Paris. Anaeleza kuhusu barua zilizoitwa "barua za Jerusalem". Wafungwa walikuwa wanatafuta majina na anwani za matajiri, kisha wanawaandikia: mimi nilikuwa mtumishi wa bwana mkubwa, tulikuwa tunatoroka mapinduzi, tukaficha sanduku la dhahabu karibu na kwenu, sasa nimefungwa na ninahitaji pesa kidogo ndiyo nikuelekeze liko wapi. Vidocq anasema katika kila barua 100, 20 zilikuwa zinajibiwa.

Ishirini kwa mia. Kwa kalamu na wino, na barua kupelekwa na farasi.

Hiyo barua iko na vitu vitatu. Kuna jina linaloaminika, mtumishi wa bwana mkubwa. Kuna hofu au tamaa inayokushika koo. Na kuna haraka. Shika hivyo vitatu, tutavipata tena kila mahali tutakapopita.

Bahasha ambayo mtu yeyote anaweza kuandika

Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili mwaka 1971, na yeye ndiye aliyechagua ile alama ya @. Mwaka 1982 zikaandikwa kanuni za kusafirisha barua hizo ambazo msingi wake bado tunautumia. Wakati huo walioko kwenye mtandao walikuwa watafiti na wanajeshi, watu wanaojuana. Hakuna aliyefikiria kumuuliza mtumaji: wewe ni nani kweli?

Kwa hivyo barua pepe ilizaliwa kama bahasha ya karatasi. Mahali pa kuandika jina la mtumaji unaandika unachotaka. Ukitaka andika Ikulu, bahasha haitakataa. Baadaye ziliongezwa mbinu za kuhakiki, kubwa zaidi ya karibuni ikiwa DMARC ya mwaka 2012. Zimesaidia sana, lakini zinahakiki tu kwamba barua imetoka kwenye anwani inayodai kutoka. Haziulizi kama mwenye anwani ni mwaminifu. Mwizi akinunua anwani yake inayofanana na ile halisi, anapita mlangoni kama mgeni yeyote.

Vijana waliotaka bando la bure

Hii sehemu ndiyo ilinishangaza zaidi, kwa sababu nilidhani mambo haya yalianzishwa na magenge makubwa. Yalianzishwa na matineja wasiokuwa na pesa ya bando.

Katikati ya miaka ya 1990, Marekani nzima ilikuwa inaingia mtandaoni kupitia kampuni ya AOL. Hapo ndipo kulikuwa na vyumba vya kupiga soga, majina ya utani, marafiki, mapenzi. Kwa watoto wa wakati huo hiyo ndiyo ilikuwa mitandao ya kijamii. Shida ni kwamba ulilipa kwa saa. Hadi Desemba 1996, AOL ilipoanza kutoza dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa, kila dakika ya ziada ilikuwa pesa. Sisi tunaojua kuzima data ili bando lifike Ijumaa tunaelewa.

Vijana wakaanza kufungua akaunti kwa namba za kadi za benki za uongo zilizotengenezwa na programu. Mwaka 1995 AOL ikaanza kukagua kadi vizuri na huo mlango ukafungwa. Kama huwezi kutengeneza akaunti, unafanya nini? Unachukua ya mtu.

Kijana wa miaka 17 kutoka Pittsburgh, Koceilah Rekouche, aliyejiita Da Chronic, alikuwa ametengeneza programu inayoitwa AOHell. Ndani yake kulikuwa na kifaa cha kutumia watu ujumbe wa papo hapo ukijifanya mfanyakazi wa AOL: tunafanya ukaguzi wa usalama, tafadhali thibitisha nywila yako. Ni hivyo tu, hakuna uchawi wa kompyuta. Watu walikuwa wanaandika nywila zao na kuzituma wenyewe.

Neno lenyewe, fishingi, lilionekana kwa mara ya kwanza kwenye maandishi ya mtandaoni Januari 1996, wakizungumzia hao hao wa AOL. Ni kuvua samaki, ila walibadilisha herufi ya kwanza wakaweka mbili, kama ambavyo sisi hubadilisha maneno kwa Sheng ili wazee wasielewe. Unatupa ndoano nyingi, unangoja.

AOL ikalazimika kuweka onyo ndani ya dirisha la ujumbe: hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza nywila yako. Fikiria hilo onyo lina umri gani. Lilikuwepo kabla nizaliwe, na bado niliandika nywila yangu nikiwa nimelala kitandani.

Barua ya mapenzi kutoka Manila

Tarehe 4 Mei 2000, watu duniani kote walipokea barua pepe yenye kichwa cha "nakupenda" kwa Kiingereza, na kiambatisho kilichojifanya maandishi ya kawaida. Ukikifungua, kinajituma kwa kila mtu kwenye kitabu chako cha anwani. Kwa hivyo barua haikutoka kwa mgeni. Ilitoka kwa bosi wako, shemeji yako, yule dada wa uhasibu. Bunge la Uingereza lilizima barua pepe zake siku hiyo.

Aliyeitengeneza ni Onel de Guzman, mwanafunzi wa kompyuta jijini Manila ambaye hakumaliza chuo baada ya pendekezo lake la utafiti kukataliwa. Lilihusu nini? Kuiba nywila za intaneti ili watu maskini waingie mtandaoni bure. Miaka karibu 20 baadaye alikiri kwamba hiyo ndiyo ilikuwa nia yake tangu mwanzo. Hakufungwa, kwa sababu Ufilipino haikuwa na sheria dhidi ya jambo hilo. Ilipitisha moja muda mfupi tu baadaye mwaka huo huo.

Sijifananishi naye. Lakini niliposoma kwamba yule jamaa pia aliachia chuo njiani, na kwamba shida yake ya kwanza ilikuwa bando, nilikaa kimya kidogo. Watu hawa hawakutoka sayari nyingine. Wanafanana na wasee wa mtaa wetu, wenye akili nyingi na mfuko mtupu. Hiyo haiwafanyi kuwa sawa. Inakuonyesha tu kwa nini hawaishi.

Utafiti ambao hakuna aliyekubali ameanguka

Sasa tunafika kwa mitandao ya kijamii tunayoijua. MySpace, Facebook, LinkedIn, zote zilianza kati ya 2003 na 2004. Na zilifanya kitu ambacho Vidocq angelia akikiona: ziliweka hadharani nani anamjua nani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, wakajiuliza swali rahisi. Mwaka 2005 walikusanya kutoka mitandaoni habari za urafiki wa wanafunzi, halafu wakawatumia barua pepe za uongo zenye linki ya kuingiza nywila ya chuo. Kundi moja lilipokea barua kutoka kwa mtu wasiyemjua wa chuo hicho hicho. Asilimia 16 wakaingia. Kundi lingine lilipokea barua ile ile, ila jina la mtumaji lilikuwa la rafiki yao.

Asilimia 72.

Ni wanafunzi wa chuo kimoja, wa umri wetu. Kundi la pili halikuwa la wajinga kuliko la kwanza. Kilichobadilika ni jina.

Na kuna jambo lingine lililonigusa kuliko hizo namba. Baada ya utafiti kutangazwa, wanafunzi walipewa mahali pa kutoa maoni bila majina. Wengi walikuwa na hasira. Wengi walisema wao hawawezi kudanganywa hivyo, ila wanamjua rafiki aliyedanganywa. Hakuna aliyeandika: mimi niliingia. Asilimia 72, na hakuna hata mmoja.

Hapo ndipo nilielewa wale waliokuwa wananicheka.

Sekunde nne

Mwaka 2009 Facebook ilikuwa imeshika kila saiba, na ndoano zikahamia huko. Mwezi wa Aprili watu walipata ujumbe mfupi kutoka kwa marafiki zao ukiwaambia waangalie kitu, na linki ya fbaction.net. Ukifika huko unaona ukurasa wa kuingia Facebook, sawa kabisa, ila sio wa Facebook. Ukiandika nywila, akaunti yako inaanza kuwatumia marafiki zako ujumbe huo huo. Oktoba mwaka huo zikaja barua pepe zikisema nywila yako ya Facebook imebadilishwa kwa usalama wako, fungua kiambatisho uone mpya. Ndani ya kiambatisho kulikuwa na programu hasidi.

Tarehe 27 Septemba 2010 ikawa zamu ya LinkedIn. Kampuni ya Cisco iliona barua nyingi za uongo za "fulani anataka kuunganishwa nawe" kiasi kwamba kwa muda wa dakika 15 zilifika asilimia 24 ya barua taka zote. Ukibonyeza, ukurasa unakuomba usubiri sekunde nne, halafu unakupeleka Google kama hakuna kitu kimetokea. Kwenye hizo sekunde nne, programu inayoitwa Zeus ilikuwa inajaribu kuingia kwenye kompyuta yako. Kazi yake ni kukaa kimya ikingoja ufungue benki.

Kwa nini LinkedIn? Kwa sababu anayetafuta kazi anafungua kila barua. Huo ndio ukweli, na haujabadilika. Robo ya kwanza ya mwaka 2022, kampuni ya Check Point ilisema asilimia 52 ya majaribio ya kuvua nywila waliyoyaona duniani kwa kutumia majina ya kampuni yalitumia jina la LinkedIn. Robo iliyotangulia ilikuwa asilimia 8. Wewe ambaye umetuma CV hamsini na hujajibiwa, ukiona barua inasema watu watano wametazama wasifu wako wiki hii, mkono unaenda wenyewe. Mimi siwezi kukuita fala kwa hilo. Hiyo ni njaa ya kazi, na kuna mtu ameigeuza kuwa chambo.

Hata wenye mtandao walichezwa

Julai 15, 2020, akaunti za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates, Elon Musk na hata kampuni ya Apple ziliandika kitu kimoja kwenye Twitter: nitumie bitcoin, nitakurudishia mara mbili. Akaunti 130 zililengwa, 45 zikatumika kuandika. Ndani ya saa chache zaidi ya dola 100,000 zilikuwa zimetumwa.

Waliingiaje? Waliwapigia simu wafanyakazi wa Twitter wakijifanya watu wa idara ya kompyuta ya kampuni hiyo hiyo. Ilikuwa wakati wa korona, kila mtu anafanya kazi nyumbani, na mtambo wa kuwaunganisha na ofisi ulikuwa unasumbua. Simu ikaingia: tunajua unapata shida, ingia hapa turekebishe. "Hapa" ulikuwa ukurasa wa uongo. Mfanyakazi akiandika nywila, wao wanaiandika kwenye ukurasa wa kweli wakati huo huo, na ule msimbo wa pili ukiombwa, mfanyakazi anawapa pia.

Kiongozi wao alikuwa kijana wa miaka 17 wa Tampa, Florida. Umri ule ule wa Da Chronic, miaka 25 baadaye. Alikiri makosa mwaka 2021 na akapewa miaka mitatu.

Angalia tena hiyo njia, kwa sababu ndiyo iliyonishika mimi. Wengi tunadhani tukiwa na namba ya tarakimu sita tuko salama. Inasaidia, usiizime. Lakini ukurasa wa uongo unaweza kukaa katikati kama makanga: unachukua pesa yako huku na kuipeleka kwa dereva kule, nawe unadhani unaongea na dereva. Namba yangu ilikuwa ya kweli. Niliikabidhi mwenyewe, ikatumika kabla haijaisha muda.

Sisi watengeneza maudhui tuna letu. Oktoba 2021, Google ilieleza kuhusu watu waliokuwa wakiwaandikia wenye chaneli za YouTube tangu mwisho wa 2019 wakijifanya kampuni zinazotaka kutangaza biashara. Ofa nzuri, barua safi, halafu "pakua programu yetu uijaribu". Programu hiyo haiibi nywila tu. Inaiba ile tiketi ndogo inayobaki kwenye kivinjari ikikumbuka kwamba umeshaingia, kwa hivyo hata namba ya pili haiombwi. Google ilihesabu zaidi ya tovuti 1,000 zilizotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Machi 2023, chaneli ya Linus Tech Tips, wasee ambao kazi yao ni kueleza kompyuta, ilitekwa kwa njia hiyo hiyo. Mfanyakazi alifungua faili ya ofa ya udhamini.

Kwa hivyo unaponiambia "mimi siwezi", sawa. Lakini wafanyakazi wa Twitter waliweza.

Ushauri uliokufa, na ule ulio hai

Tulifundishwa tutafute makosa ya herufi. Huo ushauri umekufa. Siku hizi mtu yeyote anaweza kuipa mashine kazi ya kuandika barua safi, kwa Kiingereza au Kiswahili. Barua iliyonimaliza haikuwa na kosa hata moja.

Tuliambiwa pia tuangalie anwani ya mtumaji. Ni vizuri, lakini jua kwamba barua halali za Facebook zimekuwa zikitoka facebookmail.com, jina ambalo mimi ningeapa ni feki. Kama ya kweli inaonekana feki na feki inaonekana ya kweli, macho peke yake hayatoshi.

Kilichobaki ni hiki.

Usiingie kupitia barua. Hata ikionekana ya kweli, funga, fungua apu mwenyewe kwa mkono wako. Kama kuna malalamiko juu ya video yako, utayakuta ndani. Instagram, kwa mfano, tangu Oktoba 2019 iko na sehemu kwenye mipangilio ya usalama inayoonyesha barua ambazo kweli walikutumia siku za karibuni. Kama haiko pale, sio yao. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Onyo la kweli halina haja ya kukukimbiza usiku.

Kama lazima usome linki, soma kama unayesoma matatu. Nganya inaweza kuchorwa uso wa mchezaji yeyote, haimaanishi ni yake. Unaangalia namba ya usajili. Kwenye linki, hiyo ni maneno yaliyo kabla tu ya mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti. Ukiona instagram.com.rufaa-akaunti.xyz, mwenye gari ni rufaa-akaunti.xyz. Hilo neno instagram mbele ni rangi tu.

Tumia programu ya kuhifadhi nywila, hata ile iliyo ndani ya simu yako. Inalinganisha anwani ya tovuti na ile iliyohifadhi, na haidanganywi na nembo. Ikikataa kujaza nywila mahali ambapo huwa inajaza, simama hapo hapo. Na kama mtandao wako unakubali ufunguo wa usalama, au ule wa kidijitali unaofunguliwa kwa kidole au uso, washa. Huo haufanyi kazi kwenye tovuti ya uongo hata ukitaka. Google iliwalazimisha wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 kutumia funguo hizo mwanzoni mwa 2017, na mwaka 2018 ikasema tangu hapo hakuna hata akaunti moja ya kazi iliyothibitishwa kuvuliwa.

Ukishaingia kwenye mtego, kimbia. Badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo mama wa akaunti zote, halafu ya mtandao wenyewe. Toa vifaa vyote usivyovijua. Waambie watu wako kwa njia nyingine, leo, sio kesho. Na ripoti. Sheria yetu ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, kifungu cha 30, inalitaja kosa hili waziwazi: faini hadi shilingi 300,000, au miaka mitatu ndani, au zote mbili. Wengi hawaripoti kwa sababu wanaona haya.

Ambapo nilikosea kweli

Hapo ndipo nataka kumalizia, kwa hayo mambo ya kuona haya.

Asubuhi ile nilipogundua, sikumwambia mtu. Nilijifungia chumbani saa saba nzima nikijaribu kurudisha ukurasa kimyakimya kabla watu wajue. Nilikuwa nalinda heshima yangu. Katika hizo saa saba, kijana mmoja anayenifuata tangu nikiwa na watu 200 alituma shilingi 4,500. Ilikuwa pesa ya kodi. Aliponipata kupitia kwa rafiki, hakunitukana. Aliniandikia tu: nilituma kwa sababu ni wewe.

Ningeandika kwenye WhatsApp saa moja asubuhi kwamba nimechezwa, labda asingetuma. Kubonyeza ile linki nimejisamehe. Hizo saa saba bado.

Hiyo ndiyo historia yenyewe ukiifupisha. Mfungwa wa Ufaransa alitumia jina la bwana mkubwa, Da Chronic jina la AOL, wale watafiti wa Indiana jina la rafiki. Waliochukua ukurasa wangu hawakutaka video zangu za vichekesho. Walitaka watu ambao wakiona jina langu hawaulizi maswali.

Nimemrudishia 3,000. Imebaki 1,500, na anajua ni mwisho wa mwezi. Ukurasa wa zamani haukurudi, huu ni mpya. Ikitokea siku moja umeona jina langu likikuomba pesa, nipigie simu kwanza. Nisiposhika, usitume.

Na wewe uliyeingia boksi wiki iliyopita ukanyamaza, waambie watu wako leo. Asilimia 72 wako nyuma yako.